Magata Haya Si ya Paa la Baba Yako

Odhiambo mwanangu,

Umetoka kwenda kuaga wenzako pale kwa kinyozi, nami nimeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa kwa sababu viti vyote vimeshafungwa kamba. Kesho lori la rafiki ya baba yako mdogo Oduor litakubeba mpaka Kisumu ukaanze kazi yako ya umeme. Mimi baada yako nahamia Tassia, humu humu Nairobi, chumba kimoja, ghorofa ya juu, na nyumba hii ya Makongeni itaangushwa pamoja na zingine za laini yetu, safu hii nzima. Naandika nimewekelea karatasi kwenye ubao wa kukatia mboga. Usishangae ukikuta alama ya kitunguu.

Sitakuambia ule vizuri, wala uvae fulana, wala uende kanisani. Hayo nimeyasema tangu ukiwa na meno ya maziwa, na kama hayakuingia hayataingia leo. Nitakuambia juu ya magata, hiyo mifereji ya kukinga maji ya paa. Najua umeguna. Juzi nilipokuwa nafungua lile la mwisho, la juu ya mlango, ulisimama chini na simu mkononi ukasema, "Mathe, hizo ni vyuma tu. Si uwachie buda aende nazo, stori iishe?" Ningekujibu juu ya huyo buda, baba yako, ningekurushia spana. Sasa nimepoa kidogo, ingawa si sana, na jibu langu ni barua hii.

Babu yako, mzaa baba, alikuwa fundi kwenye karakana ya reli, na nyumba hii aliipata kwa kazi hiyo. Magata aliyakuta juu yake, ya chuma kizito kilichomiminwa kwenye kalibu, si haya mabati ya kukunja ya siku hizi. Chuma hicho hakipindi. Ukikikosea kinapasuka kama sahani. Mzee aliyapenda kuliko alivyopenda watu wengi, na nasema hivyo kwa heshima.

Sasa, unajua kwetu mke wa mtoto hasogeleani na baba mkwe. Hatukula meza moja, wala sikusimama chini ya ngazi yake. Kwa hiyo babu yako hakunifundisha kitu hata siku moja. Alimfundisha baba yako, ila kwa sauti ya juu ambayo haikuwa na haja, maana baba yako alikuwa amesimama pale pale karibu naye. "Nati ikikwama usiigonge, ikate kwa msumeno." "Kwaruza kutu mpaka uone chuma chenyewe." "Rangi anza na mgongo, upande ulioegemea ukuta, kule macho hayafiki." Mimi niko jikoni nachambua sukuma, nasikia kila neno. Nilidhani mzee masikio yameanza kufa. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba hakuwa anazungumza na mwanawe.

Baba yako alisikia yaleyale akafanya yake. Mzee alipostaafu na kurudi ushago, kijijini kwao, baba yako kazi yake juu ya magata ikawa moja: kila Desemba, kabla hatujasafiri, alipaka rangi upande wa mbele. Wa mbele tu. Ukisimama barabarani ungesema hakuna nyumba nzuri kama hii. Wageni walisifu. Nami nilisifu, nikamletea chai pale chini. Mgongo wa magata ulikuwa unaliwa na kutu mwaka baada ya mwaka, na mimi mwenye masikio yote yale sikusema neno. Nilikuwa mke mzuri.

Ulikuwa shule ya nasari alipoondoka. Alisema anaenda kuangalia mavuno. Mavuno yalikuwa mwanamke wa Yala, na yalikuwa na jina na watoto wawili kabla sijaambiwa. Alichoniachia pale mlangoni ni ngazi na mkebe wa rangi nyekundu ya chuma uliobaki nusu. Nimeusema mkebe huo kwa sababu nitaurudia.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize, kwa sababu hii sehemu hujawahi kuisikia kwangu. Niliambia watu baba yako amehamishiwa Mombasa. Niliwaambia kanisani, nikawaambia majirani, nikawa natoa salamu zake ambazo hakuzituma. Nilinunua shati la kiume soko la Gikomba, la buluu, na kila Jumamosi nikawa nalifua na kulianika mbele ya nyumba ili watu waone kuna mwanamume anayefika fika. Wewe ulikuwa unaliita shati la baba. Nilikuacha uliite hivyo.

Mvua ikaja. Maji yakawa yanashuka nyuma ya magata, yanaingia ukutani, upande uleule wa kitanda chako. Ukuta ukaota ukungu mweusi. Nilikisogeza kitanda mpaka hakuna pa kukisogeza. Ukaanza kukohoa, kikohozi cha kulala umekaa, na daktari akaniuliza, "Mama, nyumba yenu ina unyevu?" Nikasema hapana. Kwa nini nilisema hapana? Kwa sababu ningesema ndiyo angeuliza kwa nini baba mtoto hatengenezi. Ningemwita fundi, laini nzima ingeuliza mwenye nyumba yuko wapi mpaka mke anatafuta wanaume wa kumpandia paa. Kupanda mwenyewe nako hakukuwezekana. Mwanamke hapandi paa la mume aliye hai, ni kama kumtangazia kifo. Nilikuwa nimejifungia ndani ya uongo wangu na wewe ndani yake, unakohoa.

Mama Kageha wa mlango wa pili ndiye aliyenifungulia. Alikuja na beseni lake la nguo, akaliangalia lile shati kwenye kamba, akasema polepole, "Mama Odhis, hilo shati hufuliwa kila wiki na sijaona likivaliwa. Mwenyewe yuko salama kweli?" Nikamwambia achunge sufuria yake. Akabeba beseni lake akaondoka. Mvua ya mchana huo ikadondosha kutu kutoka kwenye gata moja kwa moja juu ya shati, doa la kahawia begani, na halikutoka kwa sabuni wala kwa ndimu. Nililia jikoni siku ile, na si kwa ajili ya shati. Nililia kwa sababu niliona ninafanya kazi ileile ya baba yako, ya kupaka mbele.

Nikaenda kwa Mama Kageha nikamwambia yote. Hakushangaa, na hilo liliniudhi zaidi. Kumbe laini nzima ilijua, walikuwa wananiachia tu heshima yangu niivae kama nilivyotaka. Nikamwambia mtoto ananifia na siwezi kupanda. Akasema, "Kwetu Maragoli pia mwanamke hapandi. Wewe panda. Mimi nitashika ngazi na nitaangalia upande mwingine." Ndivyo ilivyokuwa. Nilipanda, nikapitisha mkono nyuma ya gata, na kidole changu kikapenya chuma.

Usidhani nilifanya vizuri. Nilikuwa nimesikia kazi ile miaka yote, lakini sikuwa nimeiona. Nati ya kwanza ilikwama. Nilisikia sauti ya mzee kabisa, ikate kwa msumeno. Msumeno nilikuwa nao. Lakini nilikuwa na hasira, Odhiambo, na ile nati niliiona uso wa baba yako. Niligonga kwa nyundo. Gata likapasuka kwa mlio kutoka kwenye ile bolti mpaka katikati. Mama Kageha chini akauliza, "Ni nini?" Nikasema, "Ni mimi."

Nikalibeba kwa kijana wa kuchomelea kule barabarani. Akalichomelea, kazi safi, inang'aa, nikamshukuru sana. Mvua ya kwanza tu likapasuka tena pembeni ya pale alipochoma, ufa mrefu kuliko wa kwanza. Chuma kile hakitaki moto wa haraka. Moto unakishika mahali pamoja, kwingine bado baridi, kinajivunja chenyewe. Hakuna aliyeniambia. Baadaye nilijifunza kukitoboa polepole kwa drili ya mkono mpaka unga mweusi utoke, nikaweka kipande cha chuma kwa ndani juu ya pati, ule udongo wa kuzibia, nikakaza bolti huku na huku, kidogo hapa kidogo pale, bila kulazimisha upande mmoja. Ule ufa upo mpaka leo. Haujafungika, umeshikiliwa tu. Maji hayapiti.

Nilikwenda gata kwa gata. Nilikwaruza kwa brashi ya waya mpaka kamasi zangu zikawa za kahawia. Nilipaka mgongo kwanza. Nikayarudisha na kumwaga kikombe cha maji upande mmoja nione yanakimbilia wapi, yakisimama nashuka, nakaza, napanda tena. Ukuta ukakauka. Ukalala chali usiku kucha kwa mara ya kwanza tangu mvua ianze. Majirani wakaanza kuniita kwao, halafu watu wa laini ya pili, na hivyo ndivyo ulivyosoma, kama ulikuwa hujui. Wewe mwenyewe uliogopa ngazi, ukibaki ndani na vitabu. Sikukulazimisha. Nilitaka mtoto wangu awe na kazi inayofanywa miguu ikiwa chini, na ukachagua umeme, unapanda nguzo. Mungu ana utani wake.

Lakini habari ilifika ushago kabla rangi haijakauka. Mke wa fulani amepanda paa la mume aliye hai. Baba yako akaipokea kama zawadi. Aliyekuwa ametoroka akawa ametorokwa. Alipoulizwa mbona harudi kwa mtoto wake, alisema, "Nitarudi vipi kwa mwanamke aliyekwisha kunizika?" Na watu wazima, wenye mvi, wakatikisa kichwa wakasema ana haki. Hakuna mtu wa kwao aliyevuka mlango huu tena. Bibi yako alikufa nikaambiwa baada ya mazishi. Sikupanda paa, nataka ulijue hilo. Niliishia kwenye gata. Nimelisema hilo mara nyingi mpaka nimechoka na sauti yangu mwenyewe.

Ndiyo maana Jumapili ile Oduor alipobisha hodi nilidhani kuna msiba. Ulikuwa umetoka, kwa hiyo ulisimuliwa nusu tu. Alikunywa chai, akaniita mikayi, mke wa kwanza, jina ambalo sikuwa nimeitwa tangu ukiwa mdogo. Baba yako anataka kuhama boma la mzee na kuanzisha boma lake, ng'ambo ya mto. Ana mawe, ana mabati, ana yule wa Yala. Lakini boma halianzishwi hivyo, na wewe unajua. Mwanamume huingia na jogoo, mwanawe wa kwanza amebeba shoka, na mke wa kwanza amebeba moto. Bila mimi hawezi kuingia. "Mikayi," Oduor akasema, "boma haliwezi kusimama bila wewe."

Nikamuuliza, "Hili la hapa lilisimama na nani?"

Akaweka kikombe chini. Oduor si mtu mbaya. Akasema, "Shemeji, usimwangalie yeye. Mwangalie kijana. Ukikataa, ndugu yangu atakaa kwa boma la mzee mpaka afe, na Odhis hatakuwa na pa kujenga simba yake, nyumba ya kijana. Atakuwa mgeni kwenye kila msiba, analala kwenye nyumba za watu." Hapo alinipata. Alijua atanipata, ndiyo maana alitumwa yeye. Halafu akaongeza, amekwisha kushika mlango, "Na lile jambo la paa, wazee wanasema useme pole kidogo tu. Neno moja. Watalifunika." Na akiwa nje, akitazama juu: "Anasema pia, kwa kuwa nyumba inaangushwa na mmeruhusiwa kubeba vyuma, Odhis aje na yale magata ya mzee. Nyumba mpya itahitaji."

Nilicheka, mwanangu. Nilicheka mpaka Mama Kageha akatoka kuona. Niombe pole kwa kupanda, halafu nimpe nilichopandia. Maji yatoke paani kwake, yapite kwenye magata yangu, yajaze tangi, na yule wa Yala achote.

Mchungaji nilimuuliza. Alisema hayo ya jogoo na moto ni giza, nisijihusishe. Namheshimu, lakini mchungaji ana boma kwao, na mamake alibeba huo moto. Wewe nilikuuliza, ukasema, "Mathe, fanya yenye utaskia poa." Hakuna yenye nitasikia poa, hakuna la kuniridhisha. Ungejua nilivyolitafuta.

Basi sikiliza nilivyoamua, na usinipigie simu kunibembeleza, kwa sababu hakuna cha kubembeleza.

Magata yote yako nje, yamefungwa kwa magunia, tayari kwa lori. Nimeyakwaruza upya na kuyapaka, mgongo kwanza. Ni ya simba yako. Si ya nyumba ya baba yako, si ya jiko la mtu wa Yala, si ya Oduor kuhifadhi. Usiyashushe hata kwa siku moja kwenye ua wake, yakae nawe Kisumu mpaka siku utakayojenga wewe. Akisema ni ya babake, mwambie ndiyo, na babake alimfundisha kila kitu juu yake, kwa sauti ya juu. Lile lenye ufa liweke juu ya mlango. Watu watakuambia ulitupe, usilitupe.

Na kila baada ya mvua ndefu yafungue uangalie nyuma. Hilo tu ndilo agizo langu, na sikuombi uone maana yake. Ni kazi, inachafua, hakuna anayeiona. Utakapooa, mwite mkeo apande akitaka. Ukisikia mtu anasema kitu, wewe shika ngazi.

Mimi nitakuja siku hiyo ya boma. Sitakuja kwa ajili yake, sina cha kumpa mtu yule, hata hasira iliyobaki ni ya kujipikia mwenyewe tu. Nitakuja kwa sababu kuna mahali pako pale na ufunguo wake umewekwa mkononi mwangu na watu wasionipenda, na siwezi kukupotezea mahali ili mimi nijisikie vizuri Tassia. Ni uchungu, Odhiambo. Sitakuficha. Nitatembea nyuma ya mgongo wa baba yako mbele ya watu wote wale, na wataona wameshinda. Usiku huo desturi inataka nilale ndani ya boma. Nitakaa kwenye kiti mpaka kuche, halafu nitarudi Nairobi.

Pole sitasema. Wazee wakiniuliza juu ya paa nitawajibu, "Nilipanda, na mtoto huyu hapa, anapumua." Kama jibu hilo linawatosha, walifunike jambo lao nalo. Wakisema halitoshi, wewe usiseme neno, simama tu na shoka lako waone kifua chako kinavyopanda na kushuka.

Na moto nitaubeba. Ule mkebe wa rangi alioniacha nao mlangoni nimeuhifadhi miaka yote hii, ndimo nilimoweka brashi. Jana nimeuchoma rangi yote ikaisha, ukabaki chuma kitupu. Makaa nitayatia humo. Najua inatakiwa chungu, na najua watanong'ona. Baba yako akigeuka akuulize mbona mama yako amekuja na mkebe, mwambie ndicho chombo alichoniachia.

Mama yako,
Mama Odhis